Vidonge Vitano

Mama yangu alinipata akiwa anameza vidonge vya majira. Aliniambia nikiwa kidato cha pili, Jumamosi moja tukichambua mchele uani, na aliniambia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. "Wewe hukuwa kwenye ratiba," alisema. "Kwenye ratiba kulikuwa na chuo."

Chuo chenyewe kilikuwa cha ualimu. Mwaka 1998 alikuwa amepata nafasi, kaka yangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, na yeye na baba wakakubaliana kwamba mtoto wa pili asubiri. Akaenda kliniki, akapewa pakiti na maelekezo: kimoja kila siku, saa ile ile, na vile vya rangi ya kahawia vya mwisho usiviruke. Alimeza kwa miezi saba. Mwezi wa nane ikaja habari kwamba bibi mzaa baba amefariki Kondoa. Wao walikuwa wakiishi Morogoro. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akachukua khanga mbili, akapanda basi la alfajiri pamoja na baba. Pakiti ilibaki chini ya godoro. Matanga yalikuwa siku tatu, na njia ikala siku mbili, kwenda na kurudi. Vidonge vitano.

Aliporudi kliniki baada ya wiki kadhaa, nesi alisoma kadi, akaandika kitu, akasema bila kuinua macho: "Ulisahau kumeza." Mama akajibu, "Sikusahau, dada. Nilikuwa msibani." Nesi akasema, "Ni kitu kile kile."

Mama bado anabishana na yule nesi. Anaweza kuwa anageuza vitumbua, hakuna aliyemuuliza lolote, ukamsikia: "Kusahau na kufiwa vinafananaje?"

Sasa ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu majaribio ya dawa za kuzuia mimba katika karne ya 20. Nilipopeleka mada kwa msimamizi wangu sikumtajia mchele wala Kondoa. Nilisema tu kwamba habari hizi hazijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili, jambo ambalo nalo ni kweli. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba ugomvi wa mama na nesi haukuanzia Morogoro. Wataalamu wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 90. Mimba ikiingia na dawa ipo, aliyeshindwa ni nani: dawa au mwanamke?

*

Kipimo tunachokitumia mpaka leo kinabeba jina la Raymond Pearl, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani. Mwaka 1933 alichapisha kanuni fupi ambayo mtu yeyote aliyefaulu hesabu za darasa la saba anaweza kuifanya. Chukua idadi ya mimba zilizotokea, zidisha kwa 1,200, gawanya kwa jumla ya miezi ambayo wanawake wote walitumia njia ile. Tuseme wanawake 50 wametumia njia fulani mwaka mzima. Hiyo ni miezi 600. Wawili wakipata mimba, jibu ni 4. Maana yake, katika wanawake 100 wanaotumia njia hiyo kwa mwaka mmoja, utarajie mimba nne.

Kabla ya hapo daktari alikuwa akisema njia hii inafaa na ile haifai kwa sababu wagonjwa wake walimwambia hivyo. Pearl aliwapa watafiti namba moja ya kulinganishia vitu vingi, na ndiyo maana kipimo chake kilienea haraka.

Kina kasoro moja ambayo wanatakwimu waliiona mapema. Mwanamke akipata mimba anatoka kwenye hesabu. Wanaobaki ni wale wenye bahati, wale waangalifu, au wale ambao miili yao haishiki mimba kwa urahisi. Kwa hiyo ukiendelea na utafiti miaka mitatu badala ya mmoja, namba inashuka yenyewe na dawa inaonekana bora kuliko ilivyokuwa, ingawa haikubadilika hata chembe. Baadaye watafiti walihamia kwenye majedwali yanayofuata kila mwezi peke yake, kama wanavyofanya wanaohesabu vifo na umri wa kuishi. Lakini jina la Pearl halikuondoka, na ukisoma karatasi inayokuja ndani ya boksi la vidonge vingi vya leo utalikuta.

Nilipoielewa kanuni hii kwa mara ya kwanza, usiku, chumbani hosteli, niliandika pembeni ya daftari: mimba 1, miezi 8. Nikafanya hesabu. Mwanamke mmoja, mimi ndani yake: 150. Namba ya kijinga, kwa sababu kipimo hiki hakijatengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nilikuwa ninajua hivyo, na bado niliiandika.

*

Kidonge chenyewe kilijaribiwa kwa watu wengi kwa mara ya kwanza Puerto Rico, mwezi Aprili 1956, katika mtaa wa nyumba mpya za serikali huko Río Piedras, pembezoni mwa San Juan.

Waliokipeleka kule walikuwa Wamarekani wa bara. Gregory Pincus alikuwa mtaalamu wa homoni katika Worcester, Massachusetts. John Rock alikuwa daktari wa wanawake huko Boston, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku. Margaret Sanger, mwanaharakati aliyepigania uzazi wa mpango tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiye aliyemsukuma Pincus aanze. Fedha zilitoka kwa mjane tajiri, Katharine McCormick, aliyekuwa amehitimu biolojia katika taasisi ya MIT mwaka 1904. Serikali haikutoa msaada, na makampuni ya dawa yaliogopa kuonekana yakiongoza. Mjane huyu alilipia.

Massachusetts ilikuwa na sheria kali dhidi ya kugawa vifaa au dawa za kuzuia mimba, kwa hiyo Rock aliwapa wagonjwa wake wa kwanza homoni hizo kwa jina la utafiti wa ugumba. Puerto Rico ilikuwa imehalalisha uzazi wa mpango tangu mwaka 1937, na ilikuwa na kliniki nyingi. Ilikuwa pia kisiwa maskini chenye watu wengi. Kwa macho ya watafiti, kama kidonge kingefanya kazi kwa wanawake ambao wengi wao hawakusoma sana, hakuna ambaye angeweza kusema ni kigumu kutumia.

Aliyesimamia kazi kule alikuwa Dk. Edris Rice-Wray. Wanawake waliochaguliwa walipaswa kuwa na umri chini ya miaka 40, wawe wenye afya, na wawe wameshazaa angalau watoto wawili ili ijulikane kwamba wanashika mimba. Kulikuwa na sharti jingine, na nilipolisoma nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Mwanamke alipaswa kuwa tayari kuzaa mtoto mwingine iwapo dawa ingeshindwa.

Sharti hilo lina mantiki yake. Mtafiti hataki kumwingiza kwenye jaribio mtu ambaye mimba ingemwua au ingemvunja kabisa. Lakini maana yake ni kwamba mtoto yule alikuwa ameshaandikiwa nafasi katika mpango wa utafiti kabla hajatungwa, na gharama yake ilikuwa imeshaangukia kwa mama.

Wanawake walijitokeza kwa wingi. Jambo hili husahaulika tunaposimulia Puerto Rico kama hadithi ya wanyonge waliodanganywa tu. Walikuwa wakitafuta kitu, na kilichokuwepo mbele yao zaidi kilikuwa upasuaji wa kufunga kizazi, ambao kisiwani ulijulikana kwa jina moja tu, la operación. Uchunguzi wa mwaka 1965 ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya akina mama wa miaka 20 hadi 49 walikuwa wamefungwa kizazi. Mwanamke wa miaka 24 mwenye watoto wanne, ambaye mlango wa pili pekee aliouona ulikuwa kisu, alikuwa na sababu za kutosha za kupokea chupa ya vidonge.

Alichoambiwa ni kidogo. Aliambiwa kwamba dawa inazuia mimba. Hakuelezwa kwamba yeye na jirani zake walikuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kuimeza kwa lengo hilo. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilikuwa zimeshasema kwamba anayejaribiwa lazima aridhie akijua, lakini Azimio la Helsinki la madaktari lilikuja mwaka 1964. Kwa viwango vya madaktari wengi wa wakati ule, Pincus na wenzake hawakuwa wamefanya jambo la ajabu. Sielewi kama hilo linawatetea wao au linaushtaki wakati wenyewe.

Kidonge kile, kilichouzwa baadaye na kampuni ya Searle kwa jina la Enovid, kilikuwa na karibu miligramu 10 za homoni ya kwanza na miligramu 0.15 za ile ya pili, ambayo ni ya aina ya estrojeni. Vidonge vingi vya leo vina estrojeni ya miligramu 0.02 hadi 0.035. Wanawake wa Río Piedras walikuwa wanameza, kila siku, kiasi ambacho leo hakuna daktari angekiandika.

Rice-Wray alipoandika ripoti ya mwaka wa kwanza alitoa taarifa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba kwa wanaomeza kama walivyoelekezwa, kidonge kinazuia mimba kwa asilimia 100. Ya pili ilikuwa kwamba asilimia 17 ya wanawake walilalamika: kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika, kichwa kuuma. Kwa maoni yake maudhi hayo yalikuwa mengi mno kwa dawa ya kutumiwa na umma.

Pincus alichukua taarifa ya kwanza. Kuhusu ya pili, aliamini kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ilitoka vichwani mwa wanawake wenyewe, kwa sababu walikuwa wameonywa watarajie.

Na mimba zilizotokea, kwa sababu zilitokea, zilichambuliwa kwa kuhesabu vidonge ambavyo mwanamke aliviruka. Aliyeruka aliwekwa upande wake, na asiyeruka upande wake. Hivyo asilimia 100 ikabaki asilimia 100. Nilipoona jedwali la namna hiyo nilimsikia yule nesi wa Morogoro, miaka 40 kabla hajamwambia mama yangu neno.

*

Enovid iliruhusiwa Marekani mwaka 1957 kama dawa ya matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 kama dawa ya kuzuia mimba. Ilikuja kwenye chupa, kama vidonge vingine vyote. Mwanamke alipaswa kuanza siku ya tano ya hedhi, ameze siku 20, aache, ahesabu tena.

Huko Geneva, katika jimbo la Illinois, mhandisi mmoja aitwaye David Wagner alikuwa na watoto wanne na mke anayeitwa Doris, na daima walikuwa wakiulizana kama kidonge cha leo kimemezwa au bado. Akaandika siku za wiki kwenye karatasi, akaiweka juu ya kabati, akapanga kidonge juu ya kila siku. Siku moja karatasi ikaanguka na vidonge vikatawanyika sakafuni. Ndipo alipotengeneza kibati cha duara chenye tundu kwa kila siku, akaomba hataza mwaka 1962, na katika muda mfupi makampuni yakaanza kuuza vidonge kwenye pakiti za kalenda.

Ninampenda Wagner kwa sababu hakumwita mkewe msahaulifu. Aliona kwamba kukumbuka kitu kidogo kila siku, miaka nenda rudi, huku una watoto wanne, ni kazi, na kazi huhitaji kifaa. Pakiti ya mama iliyobaki chini ya godoro ilikuwa mjukuu wa kibati kile. Kifaa kilikuwa kizuri. Ila nacho lazima uondoke nacho nyumbani.

Yale malalamiko ya Puerto Rico nayo hayakufa. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Uingereza aliripoti katika jarida la The Lancet habari za mgonjwa aliyekuwa anatumia Enovid na damu ikaganda mapafuni. Ripoti nyingine zikafuata. Mwaka 1969 mwandishi Barbara Seaman alitoa kitabu kizima kuhusu hatari za kidonge, na Januari 1970 Seneta Gaylord Nelson akaitisha vikao vya Bunge la Marekani. Walioitwa kutoa ushahidi walikuwa madaktari. Hakuna mwanamke mtumiaji aliyepangiwa kusema. Wanawake vijana waliokuwa wamekaa viti vya nyuma, Alice Wolfson miongoni mwao, wakasimama na kuanza kuuliza kwa sauti kwa nini wamekuwa wakitumiwa kwa majaribio. Baada ya vikao hivyo ikaamriwa kwamba kila boksi la vidonge liwe na maelezo ya hatari, yaandikwe kwa ajili ya mtumiaji mwenyewe. Kipimo cha homoni kikaendelea kushushwa.

Kwenye kliniki zetu Tanzania, madhara hayo ya kila siku huitwa maudhi madogo madogo. Ni msamiati wa manesi, na nadhani ulitungwa kwa nia njema, ili mama asiogope. Lakini kila ninapousikia nawakumbuka wale asilimia 17. Aliyeamua kwamba ni madogo hakuwa yule anayetapika.

*

Katika miongo iliyofuata watafiti walikubali kitu ambacho mama angekiita ushindi wa nusu. Walianza kuandika namba mbili badala ya moja. James Trussell, mtaalamu wa demografia katika Chuo Kikuu cha Princeton, alikusanya takwimu za Marekani kwa miaka mingi na kuzipanga katika safu mbili: matumizi kamilifu, na matumizi ya kawaida. Kwa vidonge, katika mwaka wa kwanza, wanaotumia bila kosa hata moja hupata mimba 0.3 kwa kila wanawake 100. Katika matumizi ya kawaida, toleo la mwaka 2018 la jedwali hilo linasema 7. Kondomu ya kiume ni 2 dhidi ya 13. Sindano ni 0.2 dhidi ya 4. Kijiti ni 0.1 pande zote mbili, kwa sababu kikishawekwa mkononi hakuna cha kukumbuka.

Nafasi kati ya 0.3 na 7 ndimo wanamoishi watu. Humo mna safari, mna mume aliyeficha pakiti, mna duka la dawa lililoishiwa, mna kuhara kwa mtoto usiku kucha, mna mashaka ya mama mkwe anayekagua godoro. Jedwali haliwezi kuyataja yote. Angalau limeacha nafasi.

*

Mambo haya yametufikia huku kwetu pia, na sisi hatukuwa wapokeaji wa matokeo tu. Wanawake wa Afrika Mashariki wamo ndani ya takwimu zenyewe.

Sindano ya miezi mitatu, inayojulikana kwa jina la Depo-Provera, ilikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1978. Wakati huo huo ilikuwa ikitumika katika nchi nyingi za kusini, jambo lililozua hasira. Zimbabwe iliipiga marufuku mwaka 1981, muda mfupi baada ya uhuru. Hofu kubwa ilikuwa saratani ya matiti. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, Mexico na Thailand, ambao kwa jumla haukukuta ongezeko la hatari hiyo, ingawa ulionyesha dalili ya kuchunguzwa zaidi kwa wanaoianza wakiwa vijana. Mwaka uliofuata Marekani iliikubali sindano. Mwanamke wa Marekani aliyeidungwa mwaka 1992 aliidungwa kwa sababu wanawake wa Kenya walikuwa wamejibu maswali.

Kisha likaja swali la UKIMWI. Huko Mombasa, watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono tangu miaka ya 1990 waliona kwamba watumiaji wa sindano walikuwa wakiambukizwa VVU zaidi. Mwaka 2011 utafiti mwingine wa wenzi 3,790, mmoja ana virusi na mwingine hana, katika nchi saba za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta hatari karibu mara mbili kwa wanaotumia sindano. Lakini tafiti nyingine hazikuona hivyo. Na hizi zote zilikuwa tafiti za kutazama: waliochagua sindano huenda walitofautiana na wengine kwa mambo mengi, pamoja na matumizi ya kondomu.

Njia ya kukata mzizi wa fitina ilikuwa kuwapanga wanawake kwa bahati nasibu. Ndilo lililofanywa na jaribio la ECHO, kuanzia Desemba 2015 hadi Oktoba 2018, katika vituo 12: tisa Afrika Kusini, kimoja Eswatini, kimoja Zambia, na kimoja Kisumu. Wanawake 7,829 wa miaka 16 hadi 35 walikubali kwamba kura iwachagulie sindano, kitanzi cha shaba au kijiti.

Nimewahi kujiuliza kama mimi ningekubali. Kuna wanaharakati waliosema tangu mwanzo kwamba jambo la ndani kama hili halipigiwi kura. Kuna wengine, wanawake wa Kiafrika pia, waliosema kwamba kuendelea kudungwa miaka 20 bila jibu ni kura mbaya zaidi. Tofauti na Río Piedras, waliojiunga ECHO walielezwa swali lilikuwa nini, na kwamba jibu halikujulikana.

Jibu lilitolewa Durban mwezi Juni 2019. Maambukizi mapya yalikuwa 397. Kwa kila miaka 100 ya wanawake ilikuwa 4.19 kwa sindano, 3.94 kwa kitanzi na 3.31 kwa kijiti, na watafiti wakasema tofauti hizo hazikufikia kiwango cha asilimia 50 ambacho jaribio lilipangwa kukigundua. Shirika la Afya Duniani likaondoa tahadhari yake juu ya sindano. Waliokosoa walisema kwamba ongezeko dogo kuliko hilo lingeweza kupita bila kuonekana, na kwamba namba 397, katika kundi lililopewa ushauri na kondomu, ilikuwa habari mbaya ambayo vichwa vya habari viliipita haraka.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mimba. Zilikuwa 255. Kati ya hizo, 181 zilitokea baada ya mwanamke kuacha njia aliyopangiwa. Hawa hawakuandikwa kwamba dawa iliwashindwa, wala hawakuandikwa kwamba walisahau. Waliandikwa kwamba waliacha. Nililiangalia lile neno muda mrefu. Linasema alichofanya na kunyamaza kuhusu sababu, na pengine huo ndio uungwana wa juu kabisa ambao jedwali linaweza kuonyesha.

*

Mwaka jana niliwekewa kijiti. Nesi alikuwa kijana, tunalingana umri. Aliniuliza maswali yake, na moja lilikuwa: "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" Nilisema hapana, akaendelea.

Swali hilo lina historia, na sehemu yake iliandikwa na wanawake wa magharibi mwa Kenya. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki za wanawake 24,560 wanaoishi na VVU katika eneo hilo. Walikuta kwamba wenye kijiti waliokuwa wakitumia dawa ya efavirenz walipata mimba karibu mara tatu zaidi kuliko wenye kijiti waliotumia nevirapine. Efavirenz huliharakisha ini kuivunja homoni ya kijiti. Kijiti bado kilikuwa bora kuliko njia nyingi nyingine, lakini ile 0.1 haikuwa yao. Ninawaza juu ya wale wa mwanzo, kabla ya uchambuzi kuchapishwa, waliorudi kliniki na ujauzito na kijiti kikiwa bado mkononi. Wao hawangeweza kuambiwa walisahau.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani na jedwali la Trussell nikiwa nimelichapa kwenye karatasi moja. Mama alivaa miwani. Nikamweleza safu ya kwanza na safu ya pili.

"Kwa hiyo mimi nipo kwenye hii saba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wenzangu sita walikuwa wapi?"

Nilimwambia hesabu hazionyeshi. Akanyamaza kidogo, akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya vyeti: cha kubatizwa, cha kidato cha nne, barua ya chuo cha ualimu, na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Karatasi imelegea kwenye mikunjo kama kitambaa. Kwenye nafasi ya maelezo kuna maneno mawili kwa wino wa buluu: *Alisahau vidonge.*

Chuo hakikumngoja. Alishona nguo, akauza vitumbua, na ada yangu ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye vitumbua hivyo. Niliwahi kumuuliza kama anajuta. Alisema chuo anakililia mpaka leo, mimi hajawahi kunililia, na nisichanganye mambo mawili kama yule nesi.

Aliikunja kadi akaniachia mkononi.

"Kwenye hicho kitabu chako," alisema, "usiandike nilisahau. Andika bibi yako alifariki."